Usiongeze Mbolea Kabla ya Kupima Maji

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mwezi huu nataka kukueleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea, na kosa langu likamgharimu mama mmoja wa skimu yetu nusu ya mboga zake. Nayaandika haya ili wewe usitende kama nilivyotenda mimi. Jambo lenyewe ni uchachu wa maji, yaani kipimo kile kiitwacho pH, katika kilimo cha mimea isiyopandwa udongoni.

Huenda utasema, "Mimi ninalo shamba. Kilimo bila udongo chanihusu nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini fikiri kidogo. Wazee wetu walipopewa mashamba katika ule Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka wa 1962, mtu alikuwa na nafasi ya kulima, ya kufuga na ya kupumzisha ardhi. Leo shamba lile lile limegawanywa kwa wana na wajukuu, na wengi wamebaki na kipande kidogo tu. Tena mahali pengi udongo wenyewe umeshikwa na ugonjwa wa mnyauko, ambao ukiisha kuingia shambani huua nyanya na viazi mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu wengine wameanza kupanda mboga katika vihori vya mawe madogo, karibu na nyumba, bila udongo wowote. Kazi hiyo yaweza kuleta faida nzuri. Yaweza pia kuleta hasara kwa wiki moja tu, kama utakavyosikia.

KILIMO BILA UDONGO NI KITU GANI?

Mmea hutaka vitu vitatu katika udongo: mahali pa kusimama, maji ya kunywa, na chakula. Ukiweza kuupa vitu hivyo kwa njia nyingine, mmea hautauliza udongo uko wapi. Mahali pa kusimama waweza kuupa mawe mepesi yenye matundu, kama yale yachimbwayo katika Bonde la Ufa upande wa Longonot. Baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha hutumia mawe hayo hayo. Maji na chakula huja pamoja: mbolea zinazoyeyuka kabisa hukorogwa ndani ya pipa, kisha maji hayo hupitishwa kwenye mizizi. Katika makala hii nitayaita maji ya chakula.

Elimu hii si ya jana. Huko California, Marekani, katika miaka ya 1930, mwalimu mmoja wa chuo kikuu aitwaye William Gericke alikuza nyanya katika mahodhi ya maji, zikarefuka hata mtu akahitaji ngazi ili kuzifikia. Mwaka wa 1938 wataalamu wawili wa chuo hicho hicho, Hoagland na Arnon, walitoa kijitabu cha kufundisha namna ya kuchanganya maji ya chakula, na vipimo vyao vingali vyatumika. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walikuza mboga kwa njia hii katika kisiwa cha Ascension, ambako mawe ni mengi na udongo ni haba.

Lakini kuna tofauti moja kubwa ambayo yakupasa kuikumbuka. Udongo ni mvumilivu. Ukikosea kidogo leo, udongo hulifunika kosa lako, na pengine mvua ya kesho ikaliosha. Maji ya pipani hayana uvumilivu huo. Unachokitia asubuhi, mizizi imekipata kabla ya saa sita.

MAMA MMOJA NA MAJANI YAKE

Mama ninayemtaja ni jirani yangu, mjane, na umri wake ni kama wa mama yangu mzazi. Nyanya zake ziliuawa na mnyauko miaka miwili mfululizo. Akachukua mkopo katika chama cha akina mama, akajenga nyumba ya plastiki, akaweka vihori vinane, pipa la lita 200 na pampu ndogo, akapanda spinachi. Mboga za kwanza zilikuwa nzuri sana. Aliuza, akalipa sehemu ya mkopo, akapanda tena.

Mwezi wa Januari akaja ofisini na majani machache katika karatasi. Majani yalikuwa ya manjano, lakini mishipa yake ilibaki kijani, kama ramani yenye mito. Bwana Shamba alikuwa safarini, nami nilikuwa peke yangu mezani. Sasa, mimi ni karani. Nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisi hii, na mwalimu akiulizwa swali huona aibu kusema hajui. Nikayatazama majani, nikasema, "Mama, mboga zako zina njaa. Ongeza mbolea."

"Niongeze kiasi gani, Bwana Karani?"

"Mara mbili ya kile unachotia sasa."

Akashukuru, akaenda zake. Hakuna nilichopima, wala sikwenda kuona. Sikuuliza hata swali moja.

Siku tisa baadaye alirudi, na safari hii hakuleta majani. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, njoo uone." Bwana Shamba alikuwa amerudi, tukaenda sote. Spinachi zilikuwa zimenyauka mchana kweupe hali mizizi imo majini. Ncha za majani zilikuwa kavu, kana kwamba zimepita motoni. Mizizi ilikuwa imegeuka rangi ya udongo mwekundu.

Bwana Shamba hakusema neno juu ya mbolea. Alitoa mita yake mfukoni akapima maji ya pipani: 7.6. Akapima maji ya kisima yaliyokuwa katika ndoo: 8.2. Halafu akauliza swali ambalo mimi ilinipasa kuuliza siku ile ya kwanza: "Mama, ni kitu gani kilichobadilika tangu zile mboga za kwanza?"

Mama akafikiri. "Hakuna," akasema. "Mbegu ni ile ile, mbolea ni ile ile. Ila wakati ule tangi la mvua lilikuwa limejaa. Sasa ni kiangazi, nateka kisimani."

Bwana Shamba akanigeukia. "Ulipima nini kabla ya kumshauri?" Sikuwa na jibu.

UCHACHU NA MAGADI

Kila mtu ajua ladha ya ndimu, ya ukwaju na ya maziwa yaliyoganda. Vitu hivyo ni vichachu, kwa sababu ndani yake mna asidi. Asidi iliyo kali sana huitwa tindikali. Kila mtu ajua pia magadi, ambayo hutiwa chunguni ili maharagwe yaive upesi. Magadi ni kinyume cha ndimu. Ukiyatia magadi katika maji ya ndimu, povu litatoka na uchachu utapungua. Basi maji yote, ya mto, ya kisima na ya mvua, yana mahali pake kati ya ndimu na magadi.

Mwaka wa 1909 mtaalamu mmoja wa Denmark aitwaye Sørensen, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni hesabu ya kuonyesha mahali hapo. Ndiyo hii pH. Tunahesabu tangu 0 mpaka 14. Saba ni katikati. Chini ya 7 ni upande wa ndimu, na juu ya 7 ni upande wa magadi. Maji ya ndimu ni karibu 2. Maji ya Ziwa Magadi hupita 9. Maji ya chakula kwa mboga nyingi yafaa kuwa kati ya 5.5 na 6.5, yaani yenye uchachu kidogo tu, ambao ulimi hauwezi kuutambua.

Hapa yafaa uwe macho. Katika hesabu hii kila hatua moja ni mara kumi. Uchachu wa maji ya 7 ni mara kumi ya ule wa maji ya 8, na uchachu wa maji ya 6 ni mara mia ya ule wa maji ya 8. Kwa hiyo usiseme, "Maji yangu yamepita mbili tu."

Kwa nini mmea usumbuke juu ya jambo hili? Kwa sababu chakula kingine, hasa chuma, hakikai kimeyeyuka katika maji yaliyoelekea upande wa magadi. Hugeuka kuwa kitu kama kutu na kutulia chini ya pipa. Manganizi, zinki na fosforasi nazo hupatikana kwa shida. Chakula kimo pipani, lakini mizizi haiwezi kukichukua. Mfano wake ni ghala lililojaa mahindi, nao mlango umefungwa kwa kufuli. Watoto wakilia njaa, si mahindi yaliyopungua, ni ufunguo uliopotea. Mimi nilimwambia mama aongeze magunia ghalani.

Tena mbolea ni aina ya chumvi. Ikizidi majini, mizizi hushindwa kuvuta maji, na mmea hunyauka hali umesimama katika maji tele. Ndivyo spinachi za mama zilivyopatwa na mashaka mawili: kufuli ya kisima, na chumvi ya ushauri wangu.

Upande wa pili nao una hatari yake. Maji yakishuka chini ya 5, mizizi huumia, na mmea hupata kalsiamu na magnesi kwa taabu. Basi shabaha yetu si kushusha tu. Shabaha ni kukaa katikati ya 5.5 na 6.5.

JANI LIPI LIMEANZA?

Kama ningaliyatazama majani yale kwa akili, yangaliniambia ukweli. Kumbuka kanuni hii. Naitrojeni ikipungua, mmea huitoa katika majani ya zamani na kuyapa machanga, kwa hiyo manjano huanza chini, katika majani ya zamani, na jani zima hupauka. Lakini chuma hakihami. Kikikosekana, majani ya zamani hubaki na chake, na machanga hukosa. Kwa hiyo manjano huanza juu, katika majani machanga, na mishipa hubaki kijani.

Mama aliniletea majani machanga yenye mishipa ya kijani. Dalili ilikuwa mkononi mwangu. Basi wewe ukiona manjano, uliza kwanza: ni juu au ni chini? Kisha pima maji. Halafu ndipo useme juu ya mbolea.

MAJI YAKO YATOKA WAPI?

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yamepita katika mawe ya volkano, na yamebeba bikaboneti, ambayo ni ndugu ya magadi. Hiyo bikaboneti ndiyo inayokupa kazi, kuliko namba ya pH yenyewe. Waweza kuwa na ndoo mbili za maji, zote mbili 8. Moja ikashuka kwa matone machache ya asidi, na nyingine ikanywa asidi kama mchanga unywavyo maji, tena kesho asubuhi namba ikawa imepanda. Ukiweza, peleka chupa ya maji ya kisima chako maabara mara moja, yakapimwe bikaboneti na chumvi. Lakini fahamu kwamba asidi huondoa bikaboneti tu, haiondoi chumvi. Maji yenye chumvi nyingi hayaponywi kwa asidi. Dawa yake ni kutafuta maji mengine.

Maji ya mvua ni mepesi, nayo yana uchachu kidogo. Hayana bikaboneti ya kutosha, kwa hiyo asidi kidogo tu huyashusha sana. Ukitumia maji ya mvua matupu, tia asidi kwa uangalifu maradufu, au pengine usitie kabisa. Kama paa lako ni la mabati mapya, yaache maji ya mvua ya kwanza yapite, kwa sababu huosha zinki na vumbi.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kuchanganya. Nusu ya maji ya kisima na nusu ya mvua hufanya bikaboneti ipungue karibu nusu, na asidi utakayonunua itapungua vile vile. Kwa hiyo tangi la mvua ni mali kwa mwenye vihori. Wakati wa masika usiyaache maji yapite uani bure.

Jihadhari pia na mambo mawili. Tangi jipya la saruji hutoa chokaa na kupandisha pH kwa muda, basi lijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kulitumia. Na kabla ya kununua mawe ya vihori, dondosha siki juu ya mawe machache. Yakitoa povu yana chokaa, usiyanunue.

NAMNA YA KUPIMA

Usitegemee ulimi wala macho. Viko vyombo vya namna mbili. Cha kwanza ni karatasi za kupimia, ambazo hubadilika rangi, nawe hulinganisha rangi hiyo na ile iliyochapwa katika kisanduku. Nunua zile zionyeshazo nusu hatua kati ya 5 na 7, maana zile za hatua nzima nzima hazikufai. Ni bei nafuu, na kwa mtu aliye na vihori vichache zinatosha.

Cha pili ni mita ndogo ya betri. Hii huonyesha namba mara moja, lakini hudanganya ikiwa haikutunzwa. Ilinganishe mara kwa mara na maji maalumu yaliyotengenezwa kuwa 7 na 4, ambayo huuzwa pamoja na mita. Ncha yake isikauke, na isiwekwe katika maji matupu, bali katika maji yake ya kuhifadhia. Mita isiyolinganishwa ni kama ratili ya mchuuzi mwenye hila.

Pima kila siku kwa saa ile ile, na uandike katika daftari: tarehe, pH, maji uliyoongeza, na kile ulichotia. Daftari moja laweza kuokoa shilingi nyingi.

NAMNA YA KUREKEBISHA

Fuata hatua hizi kwa utaratibu wake.

Kwanza, korogea mbolea majini kabla ya kupima. Mbolea zenyewe hubadilisha pH, kwa hiyo ukipima maji matupu na kuyarekebisha, kisha ukatia mbolea, kazi yako imepotea. Pia usichanganye nitrati ya kalsiamu na mbolea za salfeti au za fosfati zikiwa bado nzito. Zitagandana na kuwa kama chokaa. Yeyusha kila fungu katika ndoo yake, kisha umimine moja moja katika pipa lililojaa maji.

Pili, andaa asidi nyepesi. Iliyo nzuri kwa mkulima mdogo ni asidi ya fosforiki. Jaza chombo cha plastiki sehemu tisa za maji, kisha utie sehemu moja ya asidi. Kumbuka: ASIDI HUTIWA KATIKA MAJI. Usimimine maji katika asidi kamwe, kwa maana itachemka na kukurukia usoni. Kama ile uliyonunua imekwisha kupunguzwa nguvu, fuata maandishi ya chupa.

Tatu, fanya jaribio la ndoo. Chota lita 10 za maji ya chakula. Kwa bomba la sindano lisilo na ncha, tia mililita moja ya ile asidi nyepesi, koroga, pima. Tia nyingine, koroga, pima. Endelea mpaka 5.8, na uhesabu umetia ngapi.

Nne, piga hesabu. Hapa ualimu wangu ulifaa kidogo. Tuseme ndoo ya lita 10 ilitaka mililita 12. Pipa la lita 200 ni ndoo 20. Mara 12 ni mililita 240. Lakini usizitie zote. Tia robo tatu yake, yaani 180, koroga vizuri au uache pampu ifanye kazi, ungoje nusu saa, kisha upime. Ndipo uongeze kidogo kidogo mpaka ufike. Kuongeza ni rahisi kuliko kuondoa, na maji yakimwagika hayazoleki. Hesabu hii ni mfano tu. Kila kisima kina hesabu yake.

Tano, pima tena kesho yake asubuhi. Bikaboneti ikikutana na asidi hutoa hewa, na hewa hiyo ikiisha kutoka majini namba hupanda kidogo. Usishtuke, rekebisha tena.

Kama pH imeshuka mno, yaani chini ya 5.5, tumia bikaboneti ya potasi, kidogo kidogo kwa njia ile ile ya ndoo. Usitumie magadi ya jikoni, kwa sababu yana sodiamu, na sodiamu ikirundikana katika pipa huudhuru mmea.

Wengine huuliza juu ya maji ya ndimu au siki. Vitu hivyo hushusha kweli, lakini kwa muda mfupi. Vijidudu vya majini huvila, na baada ya siku moja au mbili namba imerudi ilikokuwa. Kwa shida ya siku moja vyaweza kukusaidia, bali si kwa kazi ya kila siku.

Jambo moja la mwisho katika hesabu: asidi ya fosforiki huleta fosforasi, ambayo ni chakula. Kama unatia nyingi kwa sababu maji yako ni magumu, mwulize Bwana Shamba akupunguzie mbolea ya fosfati katika mchanganyiko wako.

MAMBO YA HATARI

Tulipokwisha kumwaga maji yale mabovu kwenye nyasi za ng'ombe, mbali na mto, na kuosha vihori kwa maji safi, fundi mmoja wa magari alimwambia mama, "Mbona ununue asidi dukani? Mimi nitakupa tindikali ya betri bure." Mama akaja kuniuliza. Safari hii nilijifunza. Nikasema, "Mama, sijui. Ngoja nimwulize Bwana Shamba."

Nashukuru kwamba niliuliza. Tindikali iliyotoka katika betri ya gari imebeba risasi, yaani ile madini nzito iliyomo katika betri. Risasi ni sumu. Ikiingia majini huingia mizizini, na mboga zaweza kuonekana nzuri kabisa huku zikimdhuru mlaji, hasa mtoto mdogo, kwa maana hudhuru ubongo. Wajukuu wa mama yule hula spinachi hizo kila siku. Usitumie tindikali ya betri kwa mboga, hata ukipewa bure, hata kama huna senti moja.

Tena, ukishika asidi yoyote, vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Usiiweke katika chupa ya soda kamwe. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Ifungie kabatini, mbali na watoto. Ikikurukia machoni au mwilini, osha papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha uende hospitali.

USIFUKUZANE NA KILA NUKTA

Mkulima akiisha kununua mita, huingiwa na ugonjwa mwingine: hupima kila saa, na kila nukta ikibadilika hutia kitu. Usifanye hivyo. Maji ya chakula hutembea yenyewe, maana mmea nao ni hai. Ukila naitrojeni ya nitrati, pH hupanda polepole. Ukila ile ya amonia, pH hushuka. Kwa hiyo namba ikitembea kutoka 5.8 mpaka 6.3 kwa siku chache, iache. Rekebisha inapokaribia 6.5, uirudishe 5.8.

Bali ikiruka ghafula, hiyo ni habari. Ikipanda upesi kila siku, angalia maji unayoongeza, tangi na mawe. Ikishuka upesi, angalia kama umetia mbolea yenye amonia nyingi, na uvute mmea mmoja utazame mizizi kama imeanza kuoza. Mizizi yenye afya ni myeupe na haina harufu mbaya.

MAMA ALIVYONIJIBU

Labda wataka kujua habari za mama. Vihori vinne vilikufa kabisa. Vinne vilipona, na majani machanga yaliyochipua baadaye yalikuwa ya kijani. Mkopo wa chama aliulipa kwa kuchelewa, na alilipa faini ya kuchelewa. Faini hiyo nilitaka kuilipa mimi, akakataa. Akasema, "Pesa zako sizitaki, mwanangu. Nifundishe kusoma mita."

Nikamfundisha jioni tatu pale ukumbini pa ofisi, kwa mabeseni matatu: moja la maji ya kisima, moja la mvua, na moja la mchanganyiko. Sasa ana daftari lenye namba za kila siku, zilizoandikwa kwa penseli, na majirani huenda kwake kabla ya kuja ofisini.

Mwezi uliopita nilipita kwake nikaona spinachi moja imepauka. Nikafungua kinywa ili nishauri. Mama akainua mkono, akanipa mita, akasema, "Bwana Karani, nipe kwanza namba yako, halafu ndipo unipe shauri lako."

Ndugu mkulima, mtu yeyote akija kwako kukushauri juu ya mboga zako, awe karani, awe mwuza mbolea, awe jirani, mwambie neno hilo la mama. Naye akiwa hakupima, mpe kiti na chai, lakini mbolea yako iache ghalani.